Wifi, Niachie Seti Moja

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari kwa ufupi ni hii: mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, kazi yangu ni kucheza tenisi, na kazi hiyo siiwezi.

Si kwamba siijui. Naijua sana. Ila nafungwa. Miaka kumi na tatu nimezunguka na begi la raketi, nikitolewa raundi ya kwanza katika miji ambayo sikuwahi kuona kitu chake chochote zaidi ya kituo cha basi na uwanja. Wenzangu wananiita Mayai. Kwenye tenisi, seti huchukuliwa na anayetangulia kufikisha gemu sita akiwa amemzidi mwenzake mbili, na seti zangu nyingi huisha sita kwa yai. Yai lile lile alilokuwa akinichorea mwalimu kwenye daftari la hesabu. Nimelikimbia darasani, likanifuata uwanjani.

Wiki iliyopita niliwaachia pale karatasi ya droo ilipobandikwa ukutani. Nilipitisha kidole polepole, nikakuta mpinzani wangu wa raundi ya kwanza ni Treni.

Treni ni bingwa wa mashindano haya mara sita mfululizo. Treni pia ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Na aliyemshikisha raketi kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka tisa na meno mawili yamemtoka, ni mimi.

Tumeshakutana uwanjani mara tisa. Seti kumi na nane, maana anayetwaa mbili ndiye mshindi. Zote zake.

Sasa naendelea. Mniwie radhi, maana sehemu ya leo ndiyo inayonikosesha usingizi mchana kweupe.

*

Nilikuwa bado nimeweka kidole kwenye jina la wifi, mtu akanigusa bega. Mkurugenzi wa mashindano.

"Mayai, njoo ofisini."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita ofisini. Mara moja tu aliwahi kuniuliza kama mimi ndiye wa usafi.

Ofisi yake iko chini ya majukwaa, chumba chembamba ambacho dari lake linashuka kama ngazi. Kiti cha mgeni kiko pale dari lilipo chini kabisa, kwa hiyo kila anayeingia huinamisha kichwa na kuonekana mwenye adabu.

Akanionyesha ubao wenye majina ya mabingwa. Mistari sita ya mwisho, jina moja.

"Unaona nini?"

"Namwona wifi yangu."

"Mimi naona viti vitupu," akasema. "Fainali ya mwaka jana nilihesabu watazamaji mwenyewe. Ili wafike mia moja ilibidi nijihesabu na mimi, pamoja na muuza maji."

"Lakini si anacheza vizuri?"

"Ndilo tatizo lenyewe! Watu hawaji kuangalia jambo wanalolijua. Wanakuja kwa sababu hawajui. Mtu akishakuwa na hakika nani atashinda, anabaki nyumbani anafua nguo. Watu wa televisheni wamenipigia asubuhi hii. Mwaka huu wakiletewa tena mechi za dakika arobaini, wanaondoka. Wakiondoka wao, mashindano yamekufa. Wewe utacheza wapi? Mumeo atafunga nyuzi za raketi ya nani?"

Hapo alinigusa penyewe. Mume wangu ndiye fundi wa nyuzi wa uwanja huu. Ana kibanda pembeni ya lango, na mashine ambayo anaifuta vumbi mara nyingi kuliko anavyoniangalia mimi.

"Mechi yenu nimeiweka uwanja mkubwa," mkurugenzi akaendelea. "Jumamosi, saa nne asubuhi, moja kwa moja kwenye televisheni. Mawifi wawili! Watu watapenda. Wewe nipe saa moja na nusu tu."

"Saa moja na nusu naweza," nikamjibu, "kama mvua itanyesha katikati."

Hakucheka.

"Nyinyi ni ndugu. Kaa naye, ongea naye. Akuachie seti moja ya kwanza, halafu hizo mbili nyingine achukue kama kawaida yake. Nani ataumia?"

"Hiyo si kudanganya?"

"Mimi nimesema muongee," akasema, akafungua mtoto wa meza akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. "Ndugu kuongea imekuwa kosa?"

Mtu mwenye akili zake angetoka pale akaenda moja kwa moja kushtaki. Mimi nilitoka nikiwaza nivae nguo gani ya kwenda kuombea.

Na niseme ukweli, maana gazeti hili halinilipi niseme uongo. Sikwenda kwa ajili ya mashindano, wala kwa ajili ya kibanda cha mume wangu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka, kabla sijatundika raketi, nijue mtu mwenye seti moja anajisikiaje.

*

Wifi anaishi kwa mama yake. Siku ile ile ya Alhamisi, alasiri, nikabisha hodi.

Sebule ya mama mkwe ina rafu tatu za vikombe vya wifi. Picha yangu pia ipo. Iko nyuma ya mlango, unaiona ukishaufunga.

Wifi alikuwa kwenye kochi anazungusha utepe mpya kwenye mpini wa raketi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kutoka chumbani tulisikia mama mkwe akikoroma.

"Karibu wifi. Umekuja kunipeleleza?"

"Wifi," nikaanza, "wewe na mimi tumetoka mbali..."

"Unataka nini?"

Ndiyo maana anaitwa Treni. Vituo vidogo hasimami.

"Nataka seti moja."

"Ya nini?" akauliza, kama jirani aliyeombwa chumvi.

"Niachie tu. Ya kwanza. Zilizobaki chukua, mechi chukua, kila kitu chukua. Mimi niachie hiyo moja."

Akaendelea kuzungusha utepe. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ni mimi na roho yangu." Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

"Unakuja nyumbani kwa mama kuniomba nikuachie."

"Wifi, mimi ndiye niliyekufundisha. Ulikuwa ukikosa mpira unakaa chini unalia, mpaka nikawa nakuachia pointi ili unyamaze."

Kule chumbani mkoromo wa mama mkwe ukakatika. Nikadhani kageuka ubavu.

Wifi aliinua macho. "Ulikuwa unaniachia?"

"Mwanzoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulipokuwa huhitaji tena."

Akauacha utepe, akatazama miguu yake. Maji kwenye beseni yalikuwa yameanza kupoa, hayatoi tena mvuke. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Tutaonana Jumamosi, wifi."

Nyinyi mnaosoma mmesikia alichosema. Hakusema ndiyo. Lakini kwa masikio ya mtu aliyefungwa seti kumi na nane, ile ilikuwa ndiyo, tena imepigwa muhuri. Nilirudi nyumbani nikiimba.

*

Jumamosi asubuhi nilipitia kibandani kwa mume wangu kuchukua raketi zangu.

"Umelala?" akaniuliza.

"Fofofo."

Akasimamisha mashine. "Mke wangu, wewe kabla ya mechi hulali. Kabla ya mechi na dada yangu huwa hata huli."

"Nimekua," nikamwambia.

Akanitazama kwa ule mtazamo wake wa kukagua uzi uliochubuka. Kisha akanipa raketi. "Zako na zake nimezikaza sawasawa. Kokote kwingine duniani mtu apendelewe, lakini kwenye mashine hii hapana."

Nikaona haya. Nikachukua raketi, nikaondoka na haya zangu.

Uwanja ulikuwa umejaa nusu, jambo ambalo kwa mechi yangu ni maandamano. Mama mkwe alikaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya kiti cha wifi. Mimi nikipata pointi, yeye huvua miwani akaifuta. Pembeni yake alikaa mama mmoja mwenye suti ya kijivu na faili mapajani. Sikumjua. Nilidhani ni shoga yake.

Mechi ikaanza.

Jamani, kucheza bila hofu ni kutamu! Siku zote mkono wangu uwanjani huwa mzito kama umebeba ndoo mbili. Siku hiyo ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayepunga kwaheri. Nilijua seti ni yangu, kwa hiyo nilipiga nilipotaka. Nikalenga kona, ikaenda kona. Nikalenga mstari, ukagusa mstari. Wifi anakimbia, anafika, anarudisha, mimi nampigia mwingine.

Moyoni nikawa namsifu. Anaigiza vizuri! Hata jasho anatoa!

Sita kwa nne. Seti ya kwanza, Mayai.

Watu walisimama. Wengine walianza kuingia kutoka nje kuuliza kuna nini. Muuza maji aliishiwa. Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya ngazi, ameshika kiuno, anatabasamu kama mtu aliyejifungua salama.

Wakati wa kupumzika nilipita karibu na kiti cha wifi, nikafunika mdomo kwa taulo.

"Ahsante, wifi," nikanong'ona. "Lakini ile gemu ya mwisho umeachia waziwazi mno. Watu watashtuka."

Akaniangalia kama anayeangalia mtu anayeota akiwa wima. "Wewe cheza," akasema.

Seti ya pili alinilisha yai. Sita kwa sifuri, dakika ishirini na moja. Nikafurahi: mpango unakwenda. Sidhani kama duniani yuko mwingine aliyekula yai huku akitabasamu mbele ya kamera.

Seti ya tatu, kwa hesabu zangu, ilikuwa ya kufungwa kwa heshima na kwenda kuoga. Nikaacha kuhangaika. Nikawa napiga tu, bila kufikiri, ili tumalize. Kila nilichokipiga kikaingia! Mipira ya wifi ilianza kuja laini, imeiva, inaniomba niipige. Moja kwa sifuri. Tatu kwa moja. Nne kwa mbili. Tano kwa mbili.

Nikashtuka. Gemu moja zaidi, nimemfunga bingwa. Huyu mtoto kasahau makubaliano?

Tulipokaa kupumzika nikajiinamia kama nafunga kamba za viatu. "Wifi! Tulisema moja!"

Alikuwa anahema. "Wewe ndiye uliyesema," akajibu. "Mimi sikusema kitu."

"Kwa hiyo... seti ya kwanza..."

"Mwamuzi anatusikia."

"Hukuniachia?"

Akasimama, akaenda zake uwanjani.

Nikabaki pale kwenye kiti na kamba za viatu mkononi. Hakuniachia. Ile kona ilikuwa kona yangu kweli. Ule mstari niliugusa mimi. Nilikuwa nashinda, tena kihalali, na nilikuwa sijui.

Ningekuwa mtu wa kawaida ningepata nguvu. Mimi nilipata baridi.

Zile ndoo mbili zikarudi mkononi, zimejaa maji. Mpira wangu wa kuanzia wa kwanza uligonga neti. Wa pili ulimpata mwamuzi wa mstari kiunoni, nikaacha mchezo kwenda kumwomba radhi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, rudi ukacheze tu." Tano kwa tatu. Tano kwa nne. Tano kwa tano. Watazamaji walikuwa wanaguna kama watu wanaoangalia mtu akishuka ngazi amebeba sahani.

Lakini na wifi naye alikuwa anakosa. Wifi, asiyekosa! Nikipiga mbovu, naye anapiga mbovu. Tukaburuzana hivyo hadi sita kwa sita, ikabidi tucheze ile gemu ndefu ya kuamua, ambayo anayetangulia kufikisha pointi saba ndiye mshindi.

Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Watu wasiojuana walikuwa wameshikana mikono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika miaka sita pale uwanjani ambapo hakuna aliyejua, si mkurugenzi, si mwamuzi, si Treni, si mimi.

Sita kwa tano, mimi mbele. Pointi moja.

Wifi akapiga kwa nguvu, mpira ukanijia kifuani. Nikafumba macho. Naapa nilifumba. Nikasikia mpira umegonga pembe ya raketi, pale ambapo hapana uzi hata mmoja. Nilipofumbua, ulikuwa juu angani unazunguka bila haraka. Ukapita juu ya kichwa cha wifi, ukashuka nyuma yake, ukatoa vumbi jeupe kwenye mstari.

Saba kwa tano.

Nilitaka kupiga magoti kama ninavyowaona wenzangu wakishinda, lakini sikuwa na mazoezi ya jambo hilo. Nikakaa kitako.

Wifi akazunguka neti, akaninyanyua, akanikumbatia shingoni. "Hongera, wifi," akanong'ona. "Umenifunga."

Neno hilo moja lilitosha kunilipa miaka yote kumi na tatu. Nililia, kamasi zikanitoka, kamera ikasogea karibu. Mwamuzi akaomba utulivu ili atangaze mshindi, na uwanja ukanyamaza kimya.

Katika kimya hicho ikasikika sauti ya mama mkwe.

"Amepewa huyo! Amepewa! Nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba mwanangu, Alhamisi, sebuleni kwangu!"

Na yule mama mwenye suti ya kijivu pembeni yake akafungua faili, akaanza kuandika.

*

Ushindi wangu ulidumu dakika kumi na nane. Niliangalia saa.

Dakika ya kumi na tisa tulikuwa ofisini kwa mkurugenzi, wote tumeinamisha vichwa chini ya lile dari. Mama mwenye suti alijitambulisha: ni afisa wa maadili ya mchezo, ametumwa mwaka huu kukagua mashindano. Si shoga ya mama mkwe. Walikuwa wamefahamiana asubuhi hiyo hiyo, na mama mkwe alikuwa ameshamsimulia mpaka uchungu wa kujifungua.

"Kumwomba mpinzani akuachie seti ni kosa," akasema. "Kumwachia ni kosa kubwa zaidi. Anayeachia hufungiwa miaka miwili, na matokeo hufutwa."

"Mimi sijui lolote," mkurugenzi akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mama," afisa akamgeukia mama mkwe, "rudia ulichosikia."

"Nimesikia mke wa mwanangu anaomba aachiwe seti. Na binti yangu ana huruma sana, ndiyo shida yake. Andika hapo kwamba ana huruma."

Maskini, alidhani anamtetea mwanawe.

Afisa akanigeukia mimi. "Uliomba au hukuomba?"

Mume wangu alikuwa mlangoni, koleo bado mkononi. Alikuwa amekimbia kuja kunipongeza. Nikamwangalia, nikakumbuka nimewahi kumdanganya kuhusu mambo mengi madogo: bei ya viatu, chumvi iliyozidi, miguu inayouma. Nikikana, ushindi unabaki. Mama mkwe ni mzee, alikuwa usingizini, pengine aliota. Ushindi pekee wa maana maishani mwangu, na ili niushike ilinibidi niseme neno moja tu la uongo.

"Niliomba," nikasema.

Mume wangu akafumba macho.

"Lakini hakunipa," nikaongeza haraka. "Nimeshinda mwenyewe." Hata mimi nilipojisikia nilijiona mwongo. Mayai kamfunga Treni mwenyewe! Mkurugenzi akakohoa ili asicheke.

"Nani alikutuma?"

"Yeye. Alisema tuongee."

"Kama ndugu!" mkurugenzi akaruka, akagonga kichwa darini. "Nilisema kama ndugu!"

Afisa akaandika mstari mrefu. Kisha akamtazama wifi, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, taulo mapajani.

"Na wewe binti. Jambo lako ni jepesi. Ukisema hukumpa, huyu ataadhibiwa kwa kuomba, lakini ushindi wake utabaki, na wewe unatoka hapa safi. Ulimpa au hukumpa?"

Nikashusha pumzi. Nusu saa haijaisha tangu aninong'oneze shingoni kwamba nimemfunga. Nikamsubiri aseme.

"Nilimpa," wifi akasema.

"Wewe!" mume wangu akaita kutoka mlangoni.

"Seti ipi?" afisa akauliza.

"Zote mbili. Ya kwanza na ya tatu."

"Wifi, wewe!" Nilisimama, dari likanipokea kichwani. "Uliniambia nimekufunga! Pale pale uwanjani!"

Hakunitazama.

"Unajua unachokisema ni miaka miwili," afisa akamwambia.

"Miaka miwili ya nini?" mama mkwe akauliza. Akamwangalia mwanawe wa kiume, akaniangalia mimi, akamwangalia afisa. Nikaona jambo lenyewe likimwingia, polepole, usoni. "Miaka miwili ya nini, jamani? Mimi nimesema ana huruma!"

Afisa akageuza karatasi, akaisogeza mbele ya wifi, na kalamu juu yake. "Weka sahihi."

Wifi akachukua kalamu.

Kwa mkono wa kushoto.

Nyinyi hamumjui. Mimi namjua tangu ana miaka tisa. Ndiye niliyemfunga vidole, kimoja kimoja, kwenye mpini wa raketi. Anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, hata mlango anafungua kwa kulia. Sasa alikuwa anachora jina lake kama mtoto wa chekechea, herufi zinapanda na kushuka, na jasho linamtoka juu ya mdomo.

Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, chini ya taulo.

Sikufikiri. Niliinama kama naokota kitu, nikalinyanyua lile taulo kwa pembe.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba hadi mifupa haionekani, rangi imegeuka kama ya bilinganya. Vidole vilikuwa vimelegea. Alijaribu kuvikunja ili avifiche, havikukunjika.

Kumbe ndivyo. Hakunipa. Wala sikumfunga. Nilikuwa nimepambana kwa saa mbili na mtu asiye na mkono, na nusura anishinde.

"Funika, wifi," akaninong'oneza, midomo haichezi. "Nimecheza kwa sindano ya ganzi. Daktari kasema mkono huu basi tena, sitarudi. Bora mama aambiwe nimefungiwa, nitamdanganya nitarudi. Asione. Funika."

"Kuna nini hapo kwenye taulo?" afisa akauliza.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama. Alikuwa anatafuta miwani yake kwenye mkoba, huku anakuja upande wetu.

Na mimi nimeinama katikati yao, mshindi wa dakika kumi na nane, pembe ya taulo mkononi, sijui nilishushe au niliache.